Viroidi, Kimyanga na Swali la Protini: Historia Fupi ya Dhana na Majina Yake

Utangulizi

Kazi ya istilahi haimaliziki pale neno linapopatikana. Neno likishapatikana lahitaji fasili, na fasili ndiyo impayo mwalimu nguvu ya kufundisha, mfasiri nguvu ya kufasiri, na bwana shamba nguvu ya kumweleza mkulima jambo litakalomfaa. Fasili ikiwa na kasoro, neno zuri hugeuka kuwa mtego. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza fasili moja ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa haina shaka, yaani ile isemayo kwamba viini vidogo kabisa vya maradhi ya mimea, ambavyo ni RNA tupu isiyo na ganda, haviwezi kuunda protini. Tutaonyesha jinsi fasili hiyo ilivyozaliwa, mahali inaposimama imara, na mahali ilipotikiswa na kiini kimoja kilichoonekana katika mpunga wa Afrika.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lawahusu nini watumishi wa lugha. Jibu letu ni kwamba lawahusu sana. Mikoa yetu ya magharibi, hasa Tabora na wilaya zake za Urambo na Kaliua, huishi kwa tumbaku, mpunga, karanga na mihogo. Na kila zao katika hayo lina ugonjwa wake wa virusi. Maelezo ya magonjwa hayo huandikwa kwanza kwa lugha za kigeni, kisha hupita mikononi mwa wafasiri kabla ya kumfikia mkulima. Wafasiri wakiteleza, mkulima ndiye aangukaye.

Neno virusi na safari yake

Historia yenyewe inaanza na tumbaku. Mwaka 1886 Adolf Mayer, aliyekuwa akifanya kazi Wageningen nchini Uholanzi, alieleza ugonjwa uliotia majani ya tumbaku mabaka ya kijani kilichoiva na kijani kilichofifia, akaonyesha kwamba maji ya jani gonjwa yakitiwa katika mmea mzima huuambukiza. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi aliyapitisha maji hayo katika chujio linalozuia bakteria, akaona kwamba bado yanaambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck alishikilia kwamba kiambukizi hicho si bakteria mdogo bali ni kitu cha namna nyingine, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya sumu: virus.

Neno hilo lilipoingia katika Kiswahili lilipata bahati ya ajabu. Kwa kuwa linaanza kwa vi-, wasemaji walilisikia kama wingi wa ngeli ya ki-vi, wakalipa umoja wake: kirusi. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyofanya zamani kwa neno kitabu, ambalo katika Kiarabu sauti ki- ni sehemu ya mzizi wala si kiambishi; lakini Waswahili walilitia katika ngeli yao, wakapata vitabu. Wapo wanaolalamika kwamba kirusi kwaweza kuchanganywa na Kirusi, lugha ya Warusi. Lalamiko hilo halina uzito, maana herufi kubwa na muktadha hutosha kuondoa utata. Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba mtindo huu si sheria. Tunasema vitamini katika umoja na wingi, wala hatusemi kitamini. Kwa hiyo kila neno jipya la namna hii lahitaji kuamuliwa peke yake.

Kuhusu umbile la kirusi, ilichukua miaka mingi kulijua. Mwaka 1935 Wendell Stanley wa Marekani alifanikiwa kukigandisha kirusi cha tumbaku kama chumvi inavyoganda. Baadaye kidogo Frederick Bawden na Norman Pirie wa Uingereza walionyesha kwamba ndani ya kirusi hicho hamna protini tupu, bali mna RNA pia. Mwaka 1956 ikathibitika kwamba RNA yenyewe, bila ganda lake la protini, yatosha kuuambukiza mmea. Tangu wakati huo ikaeleweka kwamba RNA ndiyo barua, na ganda ni bahasha. Barua ya kirusi cha tumbaku ina herufi karibu 6,400, na kutokana nayo seli ya mmea huunda protini za kirusi.

Yafaa tueleze hapa kwa ufupi jinsi barua hiyo inavyosomwa. RNA ina herufi nne tu, nazo ni A, U, G na C. Katika seli kuna vyombo viitwavyo ribosomu, ambavyo husoma herufi hizo tatu tatu. Kila kikundi cha herufi tatu huita asidi amino moja, na asidi amino zikiungana huwa protini. Usomaji huanza kwa kawaida kwenye AUG, na hukoma kwenye alama ya kikomo, kama vile UGA.

Kuzaliwa kwa viroidi

Katika miaka ya 1960 Theodor Diener, mtaalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, alikuwa akichunguza ugonjwa wa viazi mviringo ambao huvifanya viazi kuwa virefu na vyembamba. Alitafuta kirusi asikione. Alichokiona ni RNA ndogo mno, isiyo na ganda lo lote. Mwaka 1971 alikipa kiini hicho jina la viroid, maana yake kilicho mfano wa kirusi. Mwaka 1978 wataalamu wa Ujerumani walikamilisha kusoma herufi zake zote, wakahesabu 359, nazo zimefungana mwisho kwa mwanzo kama pete.

Swali la protini liliulizwa mapema. Mwaka 1974 Diener na wenzake waliitia RNA hiyo katika mchanganyiko wa maabara wenye ribosomu na vyote vinavyohitajika kuunda protini, lakini haikuunda protini yo yote. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya viroidi havina hata AUG moja ya kuanzia. Basi viroidi huishije? Huishi kwa kuazima. Hutumia vimeng'enya vya mmea wenyewe kujinakili, vingine katika kiini cha seli na vingine katika kloroplasti. Tena RNA za baadhi yao hujikata zenyewe bila msaada wa kimeng'enya. Madhara yao kwa mmea hutokea kwa njia ya RNA: mmea unapojaribu kuvikatakata, vipande vyake vyaweza kuzima jeni za mmea wenyewe.

Kutokana na hayo ikaandikwa katika vitabu vya nchi nyingi kwamba viroidi ni RNA ndogo ya pete isiyounda protini. Fasili hiyo haikuandikwa kwa uzembe, kwani ilitokana na majaribio. Hata hivyo, swali halikufa. Mwaka 2019 wataalamu wa Hispania waliochunguza viroidi vya jamii ya machungwa ndani ya mimea ya nyanya walieleza kwamba RNA ya viroidi ilionekana pamoja na ribosomu, na kwamba utengenezaji wa ribosomu za mmea ulivurugika. Lakini kuonekana karibu na ribosomu si sawa na kusomwa nayo, kama vile mtu kukaa maktaba si ushahidi kwamba amesoma. Hadi leo hakuna protini ya viroidi halisi iliyothibitika kuonekana ndani ya mmea.

Karanga za Urambo

Kabla ya kufika kwenye mpunga tutazame karanga, kwa sababu zinatufundisha jambo la kinyume. Ugonjwa wa karanga uitwao rozeti, ambao huidumaza mimea na kuyakusanya majani yake kama ua, ulielezwa kwa mara ya kwanza na Zimmermann mwaka 1907, naye aliueleza kutokana na karanga za nchi hii, wakati wa utawala wa Wajerumani. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya paundi. Sababu kuu zilikuwa ukame, udongo mgumu na mashine zisizofaa, wala si rozeti. Lakini Urambo, ambayo Kaliua ilikuwa sehemu yake hadi wilaya mpya ilipoundwa mwaka 2012, ikabaki katika historia kwa jina la karanga.

Siri ya rozeti ilifumbuliwa baadaye. Ugonjwa huu una viini vitatu vinavyotegemeana: virusi viwili na RNA ndogo ya tatu yenye herufi karibu 900, ambayo haiwezi kujinakili bila msaada wa kirusi kimojawapo. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba hii RNA ndogo ndiyo hasa iletayo dalili tunazoziona shambani. Herufi zake zina mahali panapoweza kusomwa kama mwanzo na mwisho wa protini. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba sehemu zinazoleta dalili hufanya kazi bila kusomwa kuwa protini.

Funzo lake ni kwamba uwezo wa kusomeka si sawa na kusomwa. Mfasiri anayekutana na maneno hayo mawili katika Kiingereza hana budi kuyatenga katika Kiswahili. Akiandika "RNA hii inaunda protini" mahali ambapo mwandishi alisema "RNA hii ina mfuatano unaoweza kusomwa kuwa protini", amebadili ushahidi kuwa uamuzi.

Mpunga na njia ya misafara

Sasa tuje kwenye mpunga. Mwaka 1966 karibu na Kisumu nchini Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, ulionekana mpunga uliogeuka manjano, wenye michirizi na uliodumaa. W. Bakker alieleza kirusi chake mwaka 1970, akaonyesha kwamba huenezwa na mbawakawa. Wakulima wa Tanzania huuita ugonjwa huu kimyanga. RNA ya kirusi chake ina herufi karibu 4,450. Tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi za Afrika pamoja na Madagaska, wala haujulikani nje ya Afrika.

Wataalamu wa nchi kadhaa wamelinganisha RNA za virusi hivi kutoka mahali pengi, na kwa tofauti za herufi zake wamekadiria nasaba na umri wake, kama tunavyokadiria udugu wa lugha kwa kulinganisha maneno. Makadirio yao yanasema kwamba kirusi kiliingia katika mpunga katikati ya karne ya 19, kwenye milima ya mashariki ya Tanzania, kisha kikaenea bonde la Kilombero na Morogoro. Katika nusu ya pili ya karne hiyo kikafuata njia za misafara kutoka Pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza kikaelekea kusini hadi upande wa Ziwa Nyasa, na inadhaniwa kwamba kilikwenda na mpunga uliolisha majeshi.

Njia hizo za misafara tunazifahamu. Kutoka Bagamoyo zilipanda hadi Unyanyembe, yaani Tabora, mahali Burton na Speke walipofika mwaka 1857. Hapo zikagawanyika: tawi moja lilikwenda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria, na jingine magharibi kuelekea Ujiji, katika nchi ambayo baadaye ilikuwa chini ya Mirambo, na ambamo Kaliua imo leo. Wafanyabiashara wa Pwani na Waarabu walieneza kilimo cha mpunga katika mbuga za Unyanyembe, nao Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi wakuu wa njia hiyo, wakaufanya zao lao. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata karibu mkondo ule ule, ikipita Kaliua.

Hapa Kiswahili kina jambo la kuufundisha ulimwengu. Kiingereza kwa kawaida hutumia neno moja kwa mpunga, mchele na wali. Msomaji wa Kiingereza akiambiwa kwamba kirusi kilisafiri na zao hili misafarani hajui ni katika hali gani. Mswahili anajua mara moja kwamba wali hauambukizi shamba, na mchele hauoti. Kilichoweza kupeleka ugonjwa ni mpunga, tena wenye makapi na vipande vya mabua. Majaribio yameonyesha kwamba kirusi hiki huonekana katika mbegu lakini hakipiti kwa mche unaoota. Kwa hiyo mashaka yanaelekezwa kwenye uchafu uliochanganyika na mbegu. Mfasiri atakayeandika kwamba misafara "ilibeba mchele wenye ugonjwa" atakuwa ameuharibu ushahidi wote kwa neno moja.

Pete ya herufi 220

Ndani ya ganda la kirusi cha kimyanga mara nyingine hukutwa mgeni. Mwaka 1998 ilielezwa RNA ya pete, mfano wa viroidi, yenye herufi 220 tu, ndogo kuliko zote za namna yake. Haiwezi kujinakili bila msaada wa kirusi cha kimyanga, na husafiri ndani ya ganda lake. Kwa udogo huo hakuna aliyetazamia iwe na la kusema. Lakini mwaka 2014 Mounir AbouHaidar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitangaza kwamba pete hiyo inaunda protini.

Namna inavyosomwa ni ya kustaajabisha, nasi tutaieleza kwa hesabu. Herufi 220 hazigawanyiki kwa tatu: vikundi 73 hutumia herufi 219, na moja hubaki. Ribosomu ikimaliza mzunguko wa kwanza haikuti vikundi vile vile, bali inasoma herufi zile zile kwa mgawanyo mpya. Barua moja inakuwa na maneno mengine inaposomwa mara ya pili. Mahali pa kuanzia pana herufi UGAUGA, ambamo AUG ya mwanzo na UGA ya mwisho zimepandana. Ukianza na AUG hiyo ukazunguka mara mbili, utapata vikundi 146, kisha utaikuta UGA ambayo herufi yake ya mwisho ndiyo herufi ya kwanza ya AUG uliyoanza nayo. Protini itokanayo ina uzito wa kilodaltoni 16 hivi. Tena ribosomu yaweza kuipita alama ya kikomo na kuendelea na mzunguko wa tatu. Katika pete nzima hamna herufi isiyosomwa.

Basi RNA ya karanga, yenye herufi karibu 900, huleta dalili zake bila protini. Na RNA ya mpunga, yenye herufi 220, huunda protini. Ukubwa si kipimo. Hata katika magonjwa ya binadamu kuna mfano ulio karibu: kirusi cha homa ya ini aina ya delta kina RNA ya pete yenye herufi karibu 1,700, nacho huunda protini yake kikitegemea kirusi cha aina ya B.

Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na historia hii twapendekeza mambo manne.

Kwanza, neno viroidi litumike kwa umoja na wingi. Umoja wa kiroidi unavutia kwa kufuata mfano wa kirusi; lakini kirusi limezoeleka kwa watu wengi, na viroidi bado ni neno la wataalamu. Tukilikata mapema, mwanafunzi hatalitambua atakapolikuta katika lugha nyingine.

Pili, fasili ya viroidi isimame juu ya sifa zisizo na mashaka: RNA ndogo ya pete, isiyo na ganda, inayojinakili ndani ya seli ya mmea bila msaada wa kirusi. Suala la protini litajwe baada ya fasili, kwa maneno haya: "haijathibitika kwamba huunda protini". Kusema "haijathibitika" si sawa na kusema "haiwezi".

Tatu, RNA zinazohitaji kirusi ili zijinakili zisiitwe viroidi, hata zikiwa pete. Twapendekeza RNA tegemezi, neno ambalo mkulima na mwalimu wanalielewa bila kamusi, badala ya satelaiti, ambalo wengi wamekwisha kulizoea kwa chombo cha angani. RNA ya rozeti na ile ya kimyanga zote ni tegemezi. Moja huleta dalili bila protini, nyingine huunda protini, na fasili isizuie lo lote kati ya hayo.

Nne, majina ya wakulima yahifadhiwe kwa magonjwa, na majina ya viini yajengwe juu yake: kimyanga ni ugonjwa, na kirusi cha kimyanga ni kiini chake. Vivyo hivyo batobato ya mihogo na kirusi cha batobato.

Hitimisho

Twamalizia kwa onyo. Katika maandishi mengi virusi hufasiriwa kuwa vijidudu, kwa nia njema ya kurahisisha. Lakini mkulima wa Kaliua akisoma kwamba mpunga wake umeingiliwa na vijidudu, atakwenda dukani kununua dawa ya wadudu, maana ndivyo lugha ilivyomwelekeza. Hakuna dawa iponyayo mpunga wenye kirusi. Dawa ya wadudu yaweza kumwua mbawakawa, lakini mche uliokwisha ambukizwa haiuponyi. Kinachomfaa ni mbegu za aina zinazostahimili, kung'oa miche migonjwa mapema, kusafisha magugu na maotea, na kuosha mikono na zana baada ya kugusa mimea migonjwa. Neno kirusi, likifundishwa sawasawa, litamwokolea fedha zake. Neno vijidudu litamtoza.

Sayansi itaendelea kubadili majibu yake, na huenda siku moja ikaonyesha protini ya viroidi halisi. Siku hiyo ikifika, fasili tuliyoipendekeza itahitaji kubadilishwa sentensi moja tu, nayo ile iliyozoeleka itahitaji kufutwa yote.